Mwaka Kogwa: Makapi Yamehifadhiwa, Nafaka Imeachwa

  

Ndugu Waislamu, kila ufikapo mwezi wa Julai watu wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, huadhimisha Siku ya Mwaka, ambayo siku hizi imekwisha kujulikana mbali kwa jina la Mwaka Kogwa. Magari hutoka mjini yamejaa watu, wageni wa Kizungu huja na kamera zao, na wakubwa hualikwa wakakalishwa kwenye viti vya mbele. Na siku hiyo ikikaribia huanza pia mabishano katika baraza zetu. Huyu husema, "Hii ni mila ya wazee wetu, na mwacha mila ni mtumwa." Yule humjibu, "Hii ni bidaa na ushirikina, ifutwe yote." Basi huyu hukasirika na yule hukasirika, kahawa huisha, na kila mmoja hurudi kwake na neno lile lile alilokuja nalo.

Nia yangu leo ni kuutazama Mwaka wenyewe: una nini ndani yake, kipi katika hivyo kinachotunzwa, na kipi kinachoachwa kipotee. Na nitakalolisema ni moja. Ndani ya Mwaka mna elimu, mna adabu njema, na mna itikadi mbovu. Nasi leo, wenye kuutetea na wenye kuupinga, tunagombania makapi, na nafaka inamwagika chini hatuioni.

MWAKA NI NINI?

Jina lake jingine katika pwani yetu ni Nairuzi, nalo limetoka katika lugha ya Kiajemi, maana yake ni siku mpya. Waajemi wa zamani walihesabu mwaka wa jua wa siku 365, bila ya kuongeza siku moja kila baada ya miaka minne kama inavyofanywa katika kalenda ya Kizungu. Hesabu hiyo ilisafiri na mabaharia na wafanya biashara wa bahari hii, ikawa ndiyo kalenda ya chombo na ya shamba.

Mwaka huo hugawanywa miongo 36, na kila mwongo una siku kumi. Hizo ni siku 360. Zinazobaki ni siku tano za mwisho, kisha Mwaka mpya huingia. Na kwa kuwa siku 365 ni wiki 52 na siku moja, Mwaka ukiingia Jumatatu, wa pili wake huingia Jumanne. Ndiyo maana wazee waliuita mwaka kwa siku uliyoingilia, wakasema mwaka Jumatatu, mwaka Jumanne, mpaka siku saba zikatimia, kisha wakarudi mwanzo. Tazama uzuri wa hesabu hii: mtu asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kuishika kichwani mwake maisha yake yote.

Wala msidhani hesabu hii ilikuwa ya wajinga. Ahmad bin Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15, aliyetunga vitabu juu ya nyota na pepo na njia za baharini, alipotaka kumweleza msafiri wakati wa kutweka tanga alitaja siku ya ngapi ya Nairuzi. Huyu ni Mwislamu. Hakutumia Muharram wala Safar kwa kazi hiyo, kwani miezi ya mwandamo huzunguka katika majira yote. Ramadhani yaweza kuja katika kaskazi, na baada ya miaka kumi na sita hivi ikaja katika kusi. Nahodha atakayengoja pepo kwa mwezi mwandamo atangoja sana.

Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na hesabu mbili, na kila moja waliipa kazi yake. Kwa mwezi walijua saumu yao, hija yao, eda za wake zao na zaka zao. Na kwa mwezi huo huo mvuvi alijua bamvua na maji mafu, kwani maji ya bahari huufuata mwezi. Kwa jua walijua kaskazi na kusi, masika na vuli, siku ya kufyeka, siku ya kupanda na siku ya kukitoa chombo. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametukumbusha katika Sura ya Yunus, aya ya 5, kwamba jua na mwezi vyote viwili ni ishara Zake, na kwamba katika mpango huo mna manufaa ya watu kujua idadi ya miaka na hesabu. Basi anayeishika hesabu ya jua kwa kazi ya dunia hakuacha dini yake.

TUNACHOKIONYESHA SIKU HIZI

Sasa tuitazame sherehe kama inavyoonyeshwa. Wanaume wa pande mbili za mji hupambana kwa magomba ya migomba. Wanawake, nao wamevaa nguo zao nzuri, huimba, na baadhi ya nyimbo zao ni za kutupiana maneno makali, na mengine hayana haya. Hujengwa kibanda cha makuti, nacho hutiwa moto. Watu huenda pwani kuoga, na ndiko kulikotoka hilo neno kogwa. Nyumba hupika, na kila mgeni hukaribishwa ale. Kisha hufuata siku za ngoma na muziki.

Mgeni aliyekuja na kamera huondoka na nini? Huondoka na picha ya magomba yakipigwa, picha ya moto, na picha ya mama wa watu akicheza. Matangazo ya watalii niliyoyaona mimi husifu moto na mapigano, na hutia chumvi kidogo ili watu wavutike. Sikuona hata moja lililoeleza kwamba siku hii ni siku ya kwanza ya kalenda, kwamba baada yake kuna miongo 36, na kwamba kila mwongo ulikuwa na upepo wake na kazi yake.

Hayo ni ya wageni, na mgeni hana lawama kubwa, hula alichoandaliwa. Lawama ni yetu. Niliwauliza vijana wa chuoni kwangu, wakubwa wenye akili, waniambie leo ni mwongo wa ngapi. Wakatazamana. Nikawauliza Mwaka huanguka lini. Wakasema, "Julai, Maalim, tumeona katika tangazo." Basi siku imebaki, na hesabu iliyoizaa siku hiyo imekufa vichwani mwao. Ni kama mtu aliyerithi saa ya babu yake, akaitundika ukutani kwa kuwa ina nakshi nzuri, wala hajui kusoma mishale yake.

Na hapa pana jambo la kusikitisha zaidi. Kwa kuwa Mwaka wetu hauongezwi siku, hurudi nyuma siku moja kila miaka minne katika majira ya jua. Katika miaka 50 umerudi siku 12 hivi, na katika miaka 100 siku 24 au 25. Mkulima aliyeambiwa na babu yake, "Panda katika mwongo fulani," naye akashika neno bila ya kushika hesabu, atapanda kabla ya mvua yake. Kwa hiyo elimu hii haikai yenyewe; hutaka wenye kuiangalia, wakilinganisha mwongo na upepo na mvua, na wakiwarekebisha watu. Waajemi wenyewe waliirekebisha kalenda yao katika mwaka 1079, zama za Sultani Malikshah, na miongoni mwa wanazuoni walioifanya kazi hiyo alikuwamo Omar Khayyam. Ndiyo sababu Nairuzi ya Iran leo iko mwezi wa Machi, siku ambayo usiku na mchana huwa sawa, na yetu iko Julai. Asili ni moja, lakini wao waliifanyia kazi elimu yao, nasi tumeifanyia tamasha.

Tena jambo la kutia haya: mmoja wa walioandika kwa urefu juu ya Nairuzi ya pwani yetu ni Mwingereza, Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, naye aliichapisha kazi hiyo mwaka 1955. Tunamshukuru kwa kazi yake. Lakini je, wenye miongo walikuwa wapi? Walikuwapo, wengine wakiwa hai na akili zao timamu, na watoto wao hawakukaa nao na kalamu.

Wenye kutetea sherehe hupenda kulitaja shirika la UNESCO, wakasema ulimwengu wote sasa unahifadhi urithi. Ni kweli. Mkataba wa shirika hilo wa mwaka 2003 ni juu ya urithi usioshikika kwa mkono, na Nairuzi ya Iran na nchi jirani zake iliingizwa katika orodha yake mwaka 2009. Lakini someni mkataba huo vizuri. Pamoja na sherehe na michezo, umetaja pia elimu na mazoea ya watu katika mambo ya maumbile na ulimwengu. Yaani hata kwa mizani ya hao tunaowaiga, miongo ni urithi sawasawa na magomba. Sasa mbona tumechukua magomba tukaacha miongo? Jawabu ni kwamba magomba yanapigwa picha, na hesabu haipigwi picha.

YALIYO YA KUKATAA

Wala nisifahamike vibaya. Sisemi yote yaliyomo ni mema. Mwislamu ana mizani, na mizani haimwonei haya mzee wala kijana.

La kwanza ni daraja ya siku yenyewe. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahili, akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku mbili bora kuliko hizo, nazo ni Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufungua. Baadhi ya wenye kuisherehesha hadithi hii wamesema moja ya siku hizo za zamani ilikuwa ni hiyo hiyo Nairuzi. Basi Mwaka hauwezi kuwa Idi ya Mwislamu. Nyumba ambayo mtoto hununuliwa nguo mpya kwa ajili ya Mwaka, na Idi humkuta na kuukuu, nyumba hiyo imepindua mambo. Kujua siku ni hesabu. Kuitukuza siku ni ibada, na ibada ina mwenyewe.

La pili ni itikadi ya nuksi. Wako wasemao asiyeoga pwani siku ile, au asiyepata mgeni nyumbani kwake, atapatwa na mkosi mwaka mzima. Hii ni ile ile itikadi ya kisirani na ndege mbaya aliyoikataza Mtume wetu (S.A.W.). Maji ya bahari huondoa jasho na uchafu, nayo ni neema. Madhambi huondolewa na toba, na balaa huondolewa na Mwenyezi Mungu.

La tatu ni haya. Nyimbo za matusi hazigeuki kuwa njema kwa kuwa ni za zamani, wala uchi haugeuki kuwa stara kwa kuwa mwenye kuuonyesha amelipa nauli ya ndege. Na mama zetu si vikaragosi vya kuchapishwa katika kadi za watalii. Mwenye mji ana haki ya kumwambia mgeni wake avae vipi na apige picha ya nani.

YALIYO YA KUSHIKA

Ama yale mengine yanataka kutazamwa kwa utulivu. Tuchukue kile kibanda kinachotiwa moto. Nimesikia maelezo mawili. Wako wasemao kuchoma kibanda ni kinga, kwamba nyumba ikiungua mwaka ule hakuna atakayedhurika. Na wako wasemao ni mazoezi na ahadi, kwamba nyumba ya mwenzetu ikishika moto sote tutatoka kumwokoa. Maelezo ya kwanza ni itikadi batili, kwani kinga ni ya Mwenyezi Mungu peke Yake. Maelezo ya pili ni ujirani mwema ulioamrishwa. Kitendo ni kimoja, na moto ni mmoja. Kinachotofautiana ni kile mzee alichomwambia mtoto aliyesimama ubavuni pake. Mzee akinyamaza, mtoto atajitafutia maana mwenyewe, na aghalabu atachukua ile mbovu, au hatachukua maana yoyote.

Vivyo hivyo yale mapambano. Wenyeji husema watu humaliza vinyongo vyao pale, kisha huingia mwaka mpya mioyo yao i safi. Kusameheana ni jambo tukufu. Lakini aliyekuja kutoka mjini kupiga asiowajua hana kinyongo cha kumaliza, na kwake huo ni ugomvi tu. Mchezo wenyewe si haramu kwa kuwa ni mchezo. Tunajua katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamwacha Bibi Aisha (R.A.) atazame. Mchezo huharibika unapoingia ulevi, hasama au kuumizana.

Na ile karamu ya wageni ndiyo pambo la sherehe nzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema Waswahili. Ukiisema kwa kuogopa nuksi, umeiharibu. Ukiisema kwa kuwa mgeni huleta baraka na kumkirimu ni katika imani, umeiweka mahali pake. Katika zama hizi ambapo tunafunga milango ya kati na kula peke yetu mbele ya televisheni, mji mzima ufunguao milango yake kwa asiyejulikana ni darasa kwetu sote.

NENO KWA WENYE KUPINGA

Ndugu zangu maulamaa na vijana mliorudi na shahada zenu, Mwenyezi Mungu awazidishie. Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Masheikh waliokuwa mbele yetu walikemea sana mambo ya bidaa na israfu, kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyetoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Lakini walikuwa wenye kujua wanachokikemea. Sheikh Farsy huyo huyo aliyeandika kitabu juu ya bidaa ndiye aliyeandika pia kitabu juu ya ada za harusi za Unguja, kwani alijua kwamba ada hutazamwa kwanza, ndipo ikapimwa.

Mkumbuke pia mnasema na nani. Pale Kizimkazi Dimbani, si mbali na Makunduchi, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107 wa Miladi. Watu wa kusini hawakuupata Uislamu jana. Anayefika kwao na kuwaita makafiri kwa ajili ya magomba amewavunjia heshima watu ambao adhana ilisikika kwao miaka mia tisa iliyopita. Na faida yake ni ipi? Huchukiwa yeye, na neno la haki alilolichukua huchukiwa pamoja naye.

Mtume wetu (S.A.W.) aliusifu mkataba wa Hilful-Fudhul, ambao Makureshi waliufanya kabla ya Uislamu ili kumtetea aliyedhulumiwa, na akasema kwamba lau angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu angeitikia. Huo ndio mwendo. Jambo jema hata likitoka katika zama za ujahili hushikwa, na ovu hata likitoka kwa babu mzaa babu huachwa. Ile methali ya kwamba mwacha mila ni mtumwa ni ya kweli, lakini haikusema kila mila ni ya muungwana. Mwenye kuwa mtumwa wa mila asiyoijua maana yake, naye ni mtumwa vile vile.

TUFANYE NINI?

Kazi iliyo mbele yetu haihitaji fedha nyingi wala ruhusa ya mtu. Kwanza, kila nyumba yenye mzee, mvuvi au mkulima, akae naye kijana mwenye daftari. Amwulize mwongo mmoja mmoja: jina lake, upepo wake, mvua yake, samaki wake, mmea wake. Aandike kama anavyosema mzee, asiongeze wala asipunguze. Mzee akifa leo, kesho hakuna wa kumwuliza.

Pili, walimu wa vyuo tuandike ubaoni tarehe ya Hijra, na chini yake siku ya mwongo. Mtoto ajifunze tangu udogoni kwamba hii ni ya sala na saumu yake, na hii ni ya pepo na mashamba, asije akaichanganya moja na nyingine, wala asije akadhani mojawapo ni adui wa mwenziwe.

Tatu, wenye mji wa Makunduchi, nao ndio wenye haki ya kwanza, waitishe wazee na maulamaa wao wakae pamoja kabla ya siku yenyewe. Waondoe yenye kumchukiza Mwenyezi Mungu, wawawekee wageni masharti ya adabu, na katika siku hiyo asimame mzee mmoja awaeleze watu, wenyeji na wageni, hesabu ya miongo na sababu ya kila kitendo. Maelezo ya nusu saa yatawafaa watu kuliko picha elfu.

Namwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tukaijua kuwa ni haki, na atuwezeshe kuifuata. Na atuonyeshe batili tukaijua kuwa ni batili, na atuwezeshe kuiepuka. Na awarehemu wazee wetu waliotuhesabia siku kwa vidole vyao tukafika salama katika kila msimu.